UZI: Hp (nguvu za farasi) za magari ya spoti ya zamani ya Muingereza, kabla hujabishana uliza kwanza zilipimwaje

SpanaZaInchi (mleta uzi) #1

Wakuu salaam, habari za jioni. Uzi utakuwa mrefu kidogo, mwenye haraka aupitie kesho, ila mimi leo lazima niutoe maana umenikaa kooni.

Mimi ni fundi, niko huku Midlands Uingereza mwaka wa 11 sasa, gereji yetu inatengeneza magari ya spoti ya zamani tu, MG, Triumph, Healey, Jaguar, mara mojamoja Lotus. Tuna kagrupu ketu ka WhatsApp ka Waswahili wapenda magari, wapo wa Dar, Mombasa, Nairobi, Muscat na sisi wa huku. Juzi kijana mmoja kaweka picha mbili za Jaguar E-Type, moja ya silinda 6 na nyingine V12 (silinda 12), akaandika kwamba V12 ni hasara tupu, lita 5.3 inatoa hp 272 wakati ile ya lita 3.8 inatoa 265, yaani wameongeza silinda sita kwa ajili ya farasi saba. Watu wakacheka, wakakubali, na mmoja aliyekuwa anaitafuta V12 akasema basi ameghairi. Mimi nilikuwa chini ya gari, nilipotoka nikasoma nikaumia kwa kweli, maana namba zote mbili ni sahihi na zote zimetoka Jaguar wenyewe, ila mmoja kapima mchele kwa pishi mwingine kapima kwa kilo halafu nyie mnalinganisha.

Sasa tuelewane. Zamani kampuni ilikuwa inaichukua injini inaifunga kwenye benchi la kupimia ikiwa uchi. Feni hamna, chujio la hewa hamna, dinamo haichaji kitu, eksozi ni bomba pana la benchi lisilo na sailensa, taimingi na mchanganyiko vinachezewa mpaka injini itoe kila ilicho nacho. Namba ya juu kabisa iliyopatikana ndio inakwenda kwenye brosha. Wamarekani walikuwa na kanuni yao ya namna hiyo, SAE ghafi, na kwa kuwa Marekani ndiko yalikokuwa yanauzwa mengi ya haya magari, Muingereza naye akawa anaongea lugha ya mteja wake. Wajerumani kanuni yao, DIN, ilitaka injini ipimwe ikiwa imevaa kila kitu itakachovaa ndani ya gari, feni, chujio, altaneta, sailensa. Marekani wenyewe waliachana na ghafi kuanzia magari ya mwaka 1972.

Ile 265 ya E-Type ya 1961 ni ghafi. Ile 272 ya V12 ya 1971 ni DIN. V12 hiyohiyo kwa ghafi ni 314. Kwa hiyo pishi kwa pishi ni 314 na 265, tofauti 49 sio 7. Na angalia hapo kwenye V12 yenyewe, kutoka 314 hadi 272 wamepotea farasi 42 bila mtu kugusa hata nati moja, wamebadilisha karatasi ya kupimia tu. Ukichukua uwiano huo ukauweka kwenye 265 unapata kama 230. Hiyo ni hesabu yangu mimi sio ya kiwanda, ila kwa injini za XK nilizozifungua na kuzifunga na kuziendesha, 230 ndio inayofanana na ninachokisikia mgongoni nikikanyaga.

Na kuna jambo lingine la hiyohiyo E-Type ambalo huwa nawauliza vijana wanaoanza kazi. Oktoba 1964 Jaguar walitoa injini ya 4.2, kutoka cc 3781 wakaenda cc 4235. Brosha ikasema hp ngapi? 265. Ileile! Cc 454 zimeongezeka na farasi hata mmoja hakuongezeka. Kilichopanda ni nguvu ya kuvuta, wenyewe wanaipima kwa pauni-futi, kutoka 260 hadi 283. Ukiiendesha 4.2 baada ya 3.8 unaiona tofauti gia ya tatu kwenye mlima bila kukanyaga sana, na gia boksi mpya inaingia kama kisu kwenye siagi, ile ya zamani namba moja inakulilia mpaka usimame. Mtu anayesoma hp tu hayo yote hayaoni, atasema gari ni lile lile.

---

Kiberiti77 #2

Mkuu heshima yako lakini naona unatetea sana. Namba ni namba. E-Type ilipimwa na magazeti ikafika maili 150 kwa saa, sasa bila hizo farasi 265 ingefikaje? Fizikia haidanganyi.

---

SpanaZaInchi #3

Ndugu Kiberiti umeniuliza swali zuri sana na ndilo linanipeleka kwenye option, yaani vitu vya kuagiza kwa kulipia zaidi.

Ni kweli, mwaka 1961 Autocar waliipima coupe wakapata maili 150.4, Motor wakapima ile ya wazi wakapata 149.1. Yale magari mawili ni maarufu, coupe ilikuwa na namba za usajili 9600 HP na ya wazi 77 RW, na ndiyo yaliyoendeshwa mpaka Geneva Machi 1961 kwenye uzinduzi. Ila yalipimwa yakiwa na tairi za Dunlop R5, tairi za mashindano. Mtu wa kawaida alipewa RS5 za barabarani, R5 ilikuwa ni kitu cha kuagiza. Na coupe ile iliandaliwa kwa mkono, haikutoka kwenye mstari kama ya mteja.

Halafu diffu, gia ya ekseli ya nyuma, namba yake ni shafti inazunguka mara ngapi tairi likizunguka mara moja. Hili watu wanalisahau kabisa. E-Type ilitoka na diffu ya 3.31 lakini ungeweza kuagiza nyingine, 3.54 kwa anayetaka kuchomoka haraka, 3.07 kwa anayetaka kukimbia mbali kwa utulivu. Injini moja, hp moja, magari matatu tofauti. Mwaka juzi mteja kaleta gari analalamika halina nguvu, alikuwa na rafiki yake mwenye gari la mwaka uleule analomwacha kila taa ikiwaka kijani. Tumepima kompresheni, silinda zote sita ziko sawa, kabureta sawa, taimingi sawa. Nikalinyanyua, nikaweka alama ya chaki kwenye tairi na kwenye shafti, nikazungusha nikahesabu. 3.07. La rafiki yake lilikuwa 3.54. Injini haikuwa na tatizo lolote, alikuwa amenunua gari ambalo mwenyewe wa kwanza aliliagiza kwa ajili ya safari ndefu. Nilimwonyesha ile chaki akaona kwa macho yake mwenyewe.

Kwa hiyo fizikia haidanganyi, hapo tuko pamoja, ila fizikia inataka umwambie vyote.

---

MzeeWaTR #4

Fundi asante sana kwa uzi huu. Mimi nina Triumph TR6 ya mwaka 1973, nipo Leicester. Tangu ninunue kila mkutano wa klabu naambiwa yangu ni "ya 125" na za wenzangu za 150. Nimefika mahali siendi tena. Je ni kweli kwamba kiwanda kilizipunguza farasi 25 kwenye zetu? Na kuna njia ya kuzirudisha?

---

SpanaZaInchi #5

Mzee wangu shikamoo, usiache kwenda kwenye mkutano.

TR6 za Uingereza za mwanzo namba yake ya chesisi inaanza na CP, brosha inasema 150. Kuanzia za modeli ya 1973 inaanza na CR, brosha inasema 125. Watu wanatoa hesabu ya darasa la pili wanapata 25. Lakini mambo mawili yalibadilika kwa pamoja. La kwanza walibadilisha kemshafti, ile shafti inayofungua valvu, wakaweka laini zaidi ili injini itulie kwenye foleni, maana CP ya baridi kwenye taa za barabarani inatetemeka kama ina homa. Hapo farasi kadhaa waliondoka kweli. La pili ni namna ya kupima, 125 ni ya DIN. Sasa hizo 25 sehemu ni kemshafti na sehemu ni mzani, na anayekucheka anazihesabu zote kwako.

Mwaka jana tulikuwa na CP na CR gerejini wiki moja, zote mbili injini nzima, tukazipeleka kwenye mashine ya rola. Gari linafungwa kwa mikanda minne, tairi za nyuma zinakaa juu ya rola, feni kubwa inapuliza mbele, unaweka gia ya nne unakanyaga mpaka mwisho na kelele zake ni kama gari linataka kuruka liondoke na mikanda. CP ilitoa 112 kwenye tairi, CR ikatoa 101. Tofauti 11. Kwenye tairi lazima namba iwe chini kuliko kwenye krenki, yaani kwenye injini yenyewe, gia boksi na diffu na tairi zenyewe zinakula chao, kwa hiyo msishtuke kuona 112 kwenye gari la 150. Lakini zile 25 unazotukanwa nazo mzee, siku ile hazikuonekana.

Kuzirudisha unaweza, kemshafti ya CP inapatikana, lakini usibadilishe kemshafti peke yake ukaiacha mita ya Lucas, ile inayogawa petroli, ilivyo. Ule mfumo wa sindano za petroli ni wa mitambo, hauna kompyuta ya kujirekebisha, mita inagawa mafuta kwa kusikiliza mvuto wa manifodi, na kemshafti kali inabadilisha ule mvuto. Utapata gari linalokunywa petroli na kutoa moshi mweusi halafu utasema Lucas ni takataka. Mita lazima isetiwe upya kufuata kemshafti. Na ukiwa huko cheki pampu ya petroli kwenye buti, inasukuma presha ya zaidi ya psi 100, ishike kwa mkono baada ya mwendo wa nusu saa, ikiwa haishikiki hapo ndipo farasi wako wanapopotelea.

Ila mimi ningekuwa wewe ningeiacha. CR ni gari tamu la kila siku.

Na wengine mnaotafuta TR6 sikilizeni hapa, maana kuna watu wanalizwa. Zilizopelekwa Marekani hazikuwa na sindano kabisa, zilipewa kabureta mbili za Stromberg kwa sababu ya sheria za moshi, brosha yao inasema 104. Namba zao zinaanza na CC, baadaye CF. Nyingi zimerudi huku, zikahamishwa usukani kuja kulia, zikafungwa sindano za kuokoteza, zikauzwa kama za 150. Gari likiwa limefanywa vizuri sio baya, tatizo ni bei. Kuna muuzaji mmoja, simtaji, alimuuzia mteja wetu CC kwa bei ya CP na kibati cha chesisi kikiwa palepale kinasomeka, mteja hakukisoma tu. Alikuja anafurahi kweli, na mimi ndiye niliyemwambia. Sikupenda ile siku.

---

WaNgongRoad #6

Sasa fundi, salamu kutoka Nairobi. Mimi nina MGB ya 1967, ilikuwa ya marehemu babangu, nimeirudisha mpaka sasa naiandaa kwa Concours, yale mashindano ya magari yaliyotunzwa, pale Ngong Racecourse. Nimeipeleka dyno (ile mashine ya rola) wiki iliyopita imetoa 62 kwa magurudumu. Kitabu kinasema 95! Nimeambiwa na jamaa hapa injini imekwisha nifungue yote. Pesa nayo ni mingi bana. Kabla sijaanza nataka maoni yako.

---

SpanaZaInchi #7

Kaka pole na msiba wa mzee, na hongera kwa kulitunza gari lake. TAFADHALI usifungue injini bado.

95 ni kwenye krenki. MGB nzima huku kwetu chini karibu na usawa wa bahari ikinipa 73 mpaka 76 kwenye tairi mimi narudi nyumbani nimeridhika. Sasa wewe uko Nairobi, mita 1,700 juu. Hewa ya hapo ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na Mombasa, na injini isiyo na tabo inavuta hewa ya Mungu tu, hewa ikipungua farasi wanapungua kwa kiasi hichohicho. Toa 15 kwa mia kwenye 74 unapata 63. Umepata 62. Injini yako iko hai!

Muulize mwenye mashine swali moja, ile karatasi aliyokupa imesahihishwa kwa hali ya hewa au ni ya papo kwa papo. Mashine nyingi zina kitufe cha kusahihisha, zinapima joto na mgandamizo wa hewa zinakurudishia namba kana kwamba uko pwani. Kama 62 ni ya papo kwa papo, vizuri sana. Kama 62 tayari imesahihishwa, hapo kuna kitu, njoo tena tuongee.

Halafu cheki kabureta zako mbili za SU. Sindano ya SU ni kachuma kembamba kanakopanda na kushuka ndani ya jeti, umbo lake ndilo linaamua petroli kiasi gani. Sindano iliyowekwa Abingdon, kiwandani kwa MG, iliwekwa kwa hewa nzito ya Uingereza, kwa hewa yenu mafuta yanazidi. Washa injini ipate moto, toa chujio la hewa, ingiza bisibisi nyembamba unyanyue pistoni ya kabureta moja kama milimita moja tu, taratibu. Mlio ukipanda ukabaki juu, mafuta yamezidi. Ukipanda kidogo ukarudi, uko sawa. Injini ikitaka kuzima, mafuta ni machache. Halafu fanya ya pili. Nakupigia hesabu kwamba yako itapanda ibaki juu. Punguza petroli kwa nati ya chini ya jeti, ikigoma kutulia kwenye mwendo wote tafuta sindano nene kidogo. Dakika 20, bisibisi na spana, kuliko kufungua injini nzima.

Ya 1967 pia inayo krenki ya beringi tano, walianza kuziweka mwishoni mwa 1964, zile za kwanza zilikuwa na tatu. Ni injini ngumu sana hiyo, inavumilia.

---

WaNgongRoad #8

Imepanda ikabaki juu. Kabureta zote mbili. Nimekaa hapa kwa gereji nacheka peke yangu. Na jamaa wa dyno amesema ni namba ya hapohapo, hakuweka correction. Asante sana ndugu. Swali la mwisho, judge mmoja aliniambia heater yangu si ya original, nitoe. Kweli MGB ilitoka bila heater?

---

SpanaZaInchi #9

Nimefurahi mno!

Hita ni hivi. MGB ilipotoka 1962 hita ilikuwa ya kulipia zaidi, ndio, kwenye nchi yenye baridi kama hii. Rimu za spoku za kulipia. Ovadraivu ya kulipia. Hadtopu ya kulipia. Kwa hiyo jaji hawezi kusema hita sio orijino kwa kuangalia mwaka tu, inategemea mtu wa kwanza aliagiza nini. Usiitoe! Andika Gaydon, kule Warwickshire, British Motor Industry Heritage Trust wanatunza rejista za kiwanda, unawapa namba ya chesisi unalipia wanakupa cheti kinachosema gari lilimalizwa lini, rangi gani, lilipelekwa nchi gani, na vifaa lilivyotoka navyo. Za MG, Healey na Triumph ziko pale. Za Jaguar ziko kwa Jaguar Daimler Heritage Trust. Mpelekee jaji karatasi.

Na ukikuta ovadraivu kwenye hicho cheti basi una bahati. Kwangu mimi ovadraivu ya Laycock ni option yenye thamani kuliko hp 10. Ni kaboksi ka gia kamefungwa nyuma ya gia boksi, unabonyeza swichi, solenoidi inafungua presha ya oili, koni inahama, na injini inashuka mzunguko bila wewe kugusa klachi. Kwenye TR6 yenye ile aina ya J uwiano wake ni 0.797, injini iliyokuwa inazunguka 3,000 inakuwa kama 2,400 kwa mwendo uleule. Kelele zinakufa, unasikia upepo tu. Safari ya Nairobi Mombasa utaniombea dua.

---

Kiberiti77 #10

Fundi nimerudi, nakubali niliharakisha. Ila nieleze kitu. Kuna MG za zamani zaidi, TC zile, nimesoma mahali ni hp 11 na mahali pengine hp 54. Hii sasa sio ghafi na DIN, hii ni mara tano!

---

SpanaZaInchi #11

Karibu tena ndugu. Hiyo ni hp ya tatu na haihusiani na nguvu kabisa, ni ya kodi.

Muingereza kabla ya 1947 alikuwa analipa kodi ya gari kwa hp ya RAC, chama cha wenye magari, na hp hiyo haikupimwa kwenye benchi, ilikokotolewa kwa penseli. Chukua kipenyo cha silinda kwa inchi, kizidishe chenyewe kwa chenyewe, zidisha idadi ya silinda, gawanya kwa 2.5. TC kipenyo chake ni milimita 66.5, hiyo ni inchi 2.618, ukifanya hesabu unapata 10.97. Ndio hiyo 11 yako. 54 ndiyo nguvu yenyewe ya benchi. Austin Seven nayo ile "Seven" imetoka kwenye hesabu hiyohiyo.

Sasa angalia fomula vizuri, urefu wa mwendo wa pistoni haumo. Kwa hiyo wahandisi walifanyaje? Silinda nyembamba, pistoni inasafiri mbali. TC ni 66.5 kwa 90. Kodi ndogo, nguvu ya kuvuta nzuri chini, lakini injini haipendi kuzungushwa sana kwa sababu pistoni ina safari ndefu kila mzunguko. Kodi ikabadilishwa kuwa ya bei moja kwa kila gari jipya mwaka 1948, lakini mazoea yalibaki, hata XK ya Jaguar iliyotoka mwaka huohuo kwenye maonyesho ya Earls Court ilikuwa 83 kwa 106. Kila nikiishika krenki ya XK, ndefu na nzito vile, naiona sheria ya kodi ndani ya chuma.

Na kwa kuwa tumeshafika kwenye XK, hapo ndipo hp yenyewe ikawa option. XK120 ya kawaida 160, ukilipia SE unapata kemshafti kali na eksozi mbili, 180. XK140 kawaida 190, ukilipia silinda hedi ya C-type, ile ya ukoo wa gari lililoshinda Le Mans 1951 na 1953, unapata 210. XK150 ikaenda mpaka 250 kwenye S, na ya 3.8 S ikafika 265. Ndiyo, 265 ileile ya E-Type, ilikuwepo kabla E-Type haijazaliwa. Zote ghafi, lakini kwa kuwa zote ghafi unaweza kuzilinganisha zenyewe kwa zenyewe bila shida. Ukinunua XK140 omba cheti uone namba ya injini, maana hedi ni kitu cha kufungua na kufunga, wikendi moja tu 190 inakuwa 210 au kinyume chake.

Aston Martin wao miaka ya 1970 wakaamua kuacha kabisa kutangaza hp, kama Rolls-Royce. Baada ya zile 282 za DB5 na 314 za Vantage ambazo watu walikuwa wanazitilia shaka, nadhani ulikuwa uamuzi wa heshima.

---

BintiMkunazini #12

Assalam aleikum fundi. Mimi sijui magari, mjomba wangu yuko Muscat ndio mpenzi wa haya mambo, amenituma niulize kwa kuwa yeye hayupo humu. Ameona Austin-Healey 100M inauzwa huko kwenu Uingereza, muuzaji anasema ni ya kiwandani, hp 110, na bei ni kubwa sana. Atume pesa ya kushikilia?

---

SpanaZaInchi #13

Waaleikum salaam dada. Mwambie mjomba asitume hata senti mpaka asome hapa.

Healey 100 ya kawaida ya 1953 ni cc 2660, hp 90. Kisha kulikuwa na vifaa vya Le Mans, sanduku la vipuri ambalo mwenye gari alinunua akafunga mwenyewe au dila akamfungia: kabureta kubwa zaidi, sanduku la hewa ya baridi, kemshafti kali. Ikafika 100. Halafu 100M yenyewe, iliyokamilishwa Warwick kwa akina Healey, ikiongezewa pistoni za kompresheni ya juu, stablaiza nene mbele, na boneti yenye mistari ya kutolea joto na mkanda wa ngozi juu yake. Hiyo ndiyo 110. Zilitengenezwa 640 tu. Zenye vifaa vya sanduku ni nyingi na hakuna ubaya wowote, ila bei ni mbingu na ardhi.

Nilishawahi kupata moja hapa gerejini. Mteja kaja nayo, mkanda upo, boneti ina mistari, beji ya 100M inang'aa. Nikaingia ndani niitoe nje ya lifti, nikashika gia, moja, mbili, tatu, halafu hamna. Nikarudia. Tatu. Nikazima injini nikakaa kimya kidogo mle ndani. Healey ya kwanza, BN1, ilikuwa na gia tatu, namba moja ya gia boksi ya Austin ilizibwa, na ovadraivu inafanya kazi kwenye mbili za juu. Gia nne zilikuja na BN2 mwaka 1955, na 100M za kiwandani zote ni BN2. Gari la gia tatu haliwezi kuwa 100M ya kiwandani hata liwe na mikanda mitano.

Kwa hiyo mwambie aombe picha ya kitasa cha gia na ya kibati cha chesisi. Tu.

---

BintiMkunazini #14

Fundi, muuzaji ametuma picha ya kibati. Imeandikwa BN1L halafu namba. Mjomba amenyamaza kwenye simu, sijui nimwambie nini.

---

SpanaZaInchi #15

Pole kwake, ila pesa yake bado iko mfukoni.

BN1 basi sio 100M ya kiwandani, na hiyo L ni usukani wa kushoto, kwa Oman hilo ni zuri. Gari lenyewe linaweza kuwa zuri sana. Mwambie ampigie muuzaji kwa upole, aseme analitaka kama BN1 yenye vifaa vya Le Mans kwa bei ya BN1 yenye vifaa vya Le Mans. Kabla ya hapo aombe picha moja zaidi, rula ikiwa imewekwa kwenye mdomo wa kabureta, chujio likiwa limetolewa. Ikisoma inchi 1¾ basi angalau kabureta za vifaa zipo. Ikisoma 1½ ni kabureta za kawaida, kilichobadilishwa ni boneti na beji tu, na hiyo ni 90.

Likiwa karibu na Birmingham naenda mimi mwenyewe Jumapili kuliangalia, sitaki malipo, anilipie treni tu. Nitumie mji kwa inbox.